Asumini: kutoka kijiti hadi koja

Saa kumi na moja jioni tumba la asumini huwa limefumba, gumu kidogo, jeupe kama punje ya mchele uliooshwa. Linuse: karibu hakuna kitu. Saa mbili usiku limekwisha kufunguka, na harufu imekufikia kabla hujaliona ua lenyewe. Asubuhi petali zimelegea na kuingia wekundu hafifu pembeni, na kabla jua halijatua tena ua liko chini. Usiku mmoja, basi.

Nimeanza hapo makusudi. Wapo wengi wanaolalamika kwamba asumini yao hainuki au haitoi maua. Ukiwauliza maswali mawili matatu unagundua kwamba wanainusa saa sita mchana, au hawajawahi kuugusa mti kwa mkasi tangu walipoupanda. Karibu kila jambo katika mmea huu, kuanzia mahali pa kuchimba shimo hadi wakati wa kuchuma, linafuata saa ya ua lenyewe. Ukiijua saa hiyo, mengine ni kazi ya kawaida ya bustani.

Wengine husema asmini, wengine yasmini. Jina lina asili ya Kiajemi na lilitufikia kwa njia ya Kiarabu. Hapa nitaliita ua asumini na mti wake mwasumini.

Hatua ya 1: Hakikisha ni asumini kweli

Niliwahi kulea mmea kwa karibu miaka miwili nikijua ni mwasumini. Maua meupe yapo, yananukia, unatambaa vizuri. Siku niliyoupogoa kwa mara ya kwanza, kila tawi nililokata lilitoa utomvu mweupe kama maziwa, mikono ikanata hadi nikahitaji mafuta kuisafisha. Mwasumini hautoi maziwa. Nilichokuwa nacho ni Trachelospermum jasminoides, mmea mzuri tu, ila wa ukoo mwingine kabisa. Aliyeniuzia hakunidanganya kwa nia mbaya, kwani kibao cha biashara kilisema "yasmini" na yeye alikisoma hivyohivyo.

Kosa langu lilikuwa dogo. Kuna mengine makubwa zaidi. Cestrum nocturnum, ambao watu huuita asumini ya usiku, ni ndugu wa mnavu na mbilingani, na tunda lake dogo jeupe lina sumu. Gelsemium sempervirens, wenye maua ya manjano, una sumu katika kila sehemu, hadi asali iliyomo ndani ya ua. Ikiwa unanuia kutia maua katika chai au maji ya kunywa, hapa si mahali pa kubahatisha.

Asumini wa kweli wako katika jenasi ya Jasminum, yenye spishi kama 200, na ukoo wao ni uleule wa mzeituni. Wenye kutajwa sana ni hawa:

- *Jasminum sambac.* Kichaka cha kijani kibichi mwaka mzima, hufika mita moja hadi tatu. Majani ni mazima, mviringo, yanang'aa, nayo hukaa mawili mawili yakitazamana au matatu pamoja. Huu ndio wa makoja na wa chai.
- *Jasminum grandiflorum.* Jani lake limegawanyika vijani vidogo vidogo, ua lina petali tano zilizo wazi. Ni wa manukato.
- *Jasminum officinale.* Mtambazi mrefu, hustahimili baridi kuliko hao wawili.
- *Jasminum polyanthum.* Matumba yake ni ya rangi ya waridi, yakifunguka huwa meupe. Hutoa maua mengi kwa mkupuo mmoja, kisha hutulia.

Kuna pia Jasminum nudiflorum, wenye maua ya manjano katikati ya baridi. Ni mwasumini halali kwa ukoo lakini hauna harufu. Mtu anaweza kuuziwa huo kihalali kabisa akakaa anasubiri manukato yasiyokuja.

Kwa mtu anayeanza, na hasa anayeishi mahali pasipo na baridi ya kugandisha, chukua sambac bila kusita. Ndani yake nako mna aina. "Maid of Orleans" ina ua la tabaka moja na petali za mviringo, hutoa maua mfululizo na haina deko hata kwenye chungu. "Belle of India" ina petali ndefu za tabaka mbili. "Grand Duke of Tuscany" ni kama waridi dogo, limejazana petali hadi hutamani kulila; lakini hukua polepole, hutoa maua machache, na ni zito mno kwa koja. Kipande chako cha pili kiwe hicho, si cha kwanza.

Hatua ya 2: Pata mche kwa kijiti

Sambac nyingi za bustanini hazitoi mbegu. Ina maana kwamba karibu kila mwasumini unaouona umetokana na kijiti cha mwingine, na hicho nacho kimetoka kwa kingine tena. Kwa hiyo huhitaji duka, unahitaji jirani mkarimu.

Chagua tawi ambalo si changa la kunyumbuka kama uzi, wala si gumu lililogeuka rangi ya mti. Likunje: likipinda kisha likalia "kwa" kidogo, ndilo. Kata kipande cha sentimeta 12 hadi 15 chenye vifundo vitatu au zaidi, ukate chini kidogo ya kifundo, kwa sababu mizizi huchipua hapo. Ondoa majani yote ya chini, bakisha mawili ya juu. Kama ni makubwa, yakate nusu ili yasinywe maji kuliko kijiti kinavyoweza kuyapata. Matumba yakiwepo, yang'oe bila huruma.

Changanya mchanga wa mto na mboji nusu kwa nusu. Toboa tundu kwa penseli, kisha tumbukiza kijiti hadi vifundo viwili vizame na ushindilie kwa vidole. Mwagilia mara moja vizuri, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini penye mwanga. Fungua kifuniko cha chupa mchana dakika chache hewa ipite. Udongo uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, si zaidi. Baada ya wiki nne hadi sita, kivute taratibu. Kikikataa, kimeshika. Panda vijiti vitano kwa kila mche mmoja unaoutaka, maana kuoza kupo.

Ukiwa na mti uliokwisha kukua, kuna njia ya uvivu ambayo mimi naipenda zaidi: inamisha tawi refu la chini hadi liguse ardhi, likwaruze ganda kidogo upande wa chini, lifukie hapo kwa udongo na uliwekee jiwe juu, ncha ibaki nje. Sahau miezi miwili mitatu. Ukirudi lina mizizi yake. Likate litengane na mti mama, uhamishe.

Hatua ya 3: Jua, shimo, na dirisha

Mwasumini unataka jua la moja kwa moja la saa sita kwa siku, au karibu na hapo. Kivulini hautakufa, na hilo ndilo linalowachanganya watu: utastawi, utajaa majani ya kijani kizito, na maua utayahesabu kwa vidole.

Chimba shimo la sentimeta 45 kila upande. Rudisha udongo ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza kabisa, kilo kama kumi kwa shimo. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Kama ni mistari, acha mita moja na robo kati ya mche na mche. Maji yasituame, ukimimina ndoo ndani ya shimo tupu na saa mbili baadaye bado yapo, tafuta mahali pengine au inua tuta.

Kwa chungu, chenye upana wa sentimeta 30 kinatosha kwa miaka miwili ya kwanza, mradi kina matundu chini. Mwasumini hupenda kubanwa mizizi kidogo. Ukiuhamishia kwenye chungu kikubwa mno utahangaika kujaza udongo kwa mizizi kwanza, maua baadaye.

Sasa suala la mahali pa kuuweka kuhusiana na nyumba, maana hapa watu hukosea kwa mapenzi. Harufu ya asumini hutembea vizuri usiku hewa ikiwa imetulia. Panda upande ambao upepo wa jioni utaipitisha dirishani au barazani, hatua nne tano hivi. Usiingize chungu chenye maua mengi ndani ya chumba cha kulala kilichofungwa. Miongoni mwa kemikali zinazotengeneza harufu hiyo imo indoli, ambayo ikizidi peke yake hunuka vibaya. Hata kwenye kinyesi inapatikana. Kwa kiasi kidogo ndiyo inayoipa asumini uzito wake, ule unaoitofautisha na manukato ya sabuni. Chumbani bila hewa huwa nyingi, na wenye kichwa chepesi huamka kinawauma.

Hatua ya 4: Maji na chakula

Mwagilia kwa wingi, kisha subiri sentimeta mbili za juu zikauke ndipo umwagilie tena. Kwenye chungu wakati wa jua kali hiyo huwa kila siku. Ardhini mara mbili au tatu kwa wiki. Weka matandazo, lakini yasiguse shina.

Mbolea yenye naitrojeni nyingi ni adui aliyevaa nguo za rafiki. Mti utanenepa na kukupa majani. Kila baada ya miezi miwili wakati wa kukua, tia koleo mbili za mboji iliyoiva na majivu kiganja kimoja ukiyatawanya. Majivu yasizidi hapo: mwasumini hupenda udongo usio na chumvichumvi, na ukipandisha magadi ya udongo, majani machanga yatageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni dalili kwamba mizizi inashindwa kuchukua chuma, hata kama kimo udongoni.

Hatua ya 5: Pogoa, tena bila woga

Kama ungenipa nafasi ya kusema jambo moja tu kuhusu ukulima wa asumini, ningesema hili. Ua la sambac hutoka kwenye ncha ya tawi jipya. Tawi la mwaka jana lililokwisha kuchanua halitatoa tena mpaka lichipue lingine. Mti usiokatwa huendelea kurefuka, ukibeba maua machache mbali juu huko usikofikia, na chini ukibaki vijiti vitupu.

Upogoaji ni wa aina mbili. Ule mkubwa hufanywa mara moja kwa mwaka, mti unapopumzika kabla ya msimu wa kuchipua. Katika mashamba ya kusini mwa India hufanya hivyo kuelekea mwisho wa Novemba, wakikata matawi yote hadi kimo cha kama sentimeta 50 kutoka ardhini. Mara ya kwanza utahisi umeuua. Ondoa yaliyokauka, yanayosuguana, na yanayoingia ndani ya kichaka badala ya kutoka nje. Ng'oa majani yaliyosalia, mwagilia, tia samadi. Wiki chache baadaye vichipukizi vitatoka kila kifundo.

Ule mdogo ni wa kila mara. Kila tawi likimaliza kuchanua, lirudishe nyuma vifundo viwili au vitatu. Kata juu ya jozi ya majani, nayo itatoa matawi mawili mahali pa moja, na kila tawi litabeba kishada chake. Matumba ya sambac kwa kawaida hukaa matatu matatu, la kati likitangulia kufunguka, mawili ya pembeni yakifuata siku zinazofuata. Kwa hiyo ukikata haraka mno baada ya ua la kwanza, unakata na ndugu zake.

Hesabu yake ni rahisi: matawi kumi yaliyokatwa leo ni matawi ishirini baadaye, na vishada ishirini. Wapogoaji wavivu hupata kivuli.

Hatua ya 6: Wadudu

Angalia nyuma ya majani mara moja kwa wiki. Vidukari, inzi weupe na vile vidudu vyeupe vya unga kama pamba huondoka kwa maji ya sabuni, mililita tano za sabuni laini ya maji kwa lita moja, yapuliziwe jioni. Utitiri mwekundu huja wakati wa ukavu. Majani huonekana yametiwa vumbi na nyuma kuna utando. Huo huchukia maji, uoshe tu kwa nguvu siku tatu mfululizo.

Matumba yakigeuka zambarau na kuanguka kabla ya kufunguka, au ukikuta tundu dogo na uchafu wake, kuna kiwavi au funza ndani. Dawa hazimfikii kirahisi. Okota kila tumba lililoanguka, chuma yaliyotoboka mtini, yatie yote katika maji ya sabuni au uyachome. Ukiyaacha chini, funza huingia udongoni na kurudi akiwa na mabawa.

Kama maua yatatumika kwa chai, maji au ngozi, dawa za kiwandani zisiguse mti huo kabisa. Maua ya dukani yaliyotungwa kwa mapambo yahesabu kuwa yamepigwa dawa.

Hatua ya 7: Kuchuma

Sasa tumerudi kwenye ile saa. Tumba litakalofunguka usiku wa leo hujulikana. Limefikia urefu wake wote, limevimba tumboni, na rangi yake imetoka kwenye kijani hadi nyeupe ya maziwa. Lile la kesho bado lina kijani kwenye ncha, na ukilichuma halitafunguka kamwe, litakauka likiwa limefumba. Simama mbele ya kishada kimoja mchana na ukitazame vizuri: utaona la leo, la kesho na la keshokutwa yamekaa pamoja kwenye kikonyo kimoja. Baada ya wiki moja jicho litakuwa limejifunza.

Kwa koja la kuvaliwa jioni, au kwa chai, chuma mchana hadi alasiri. Tumba hilo litaendelea na safari yake mikononi mwako na kufunguka usiku kana kwamba bado liko mtini. Hiyo ndiyo ajabu ya asumini, na ndiyo msingi wa matumizi yake yote ya jadi: waridi huanza kufa likichumwa, asumini huendelea kutoa harufu mpya kwa saa kadhaa. Masoko yanayosafirisha mbali huchuma alfajiri, matumba yafike yakiwa bado yamefumba.

Grandiflorum ni kinyume. Hufunguka usiku na huchumwa alfajiri likiwa wazi, kabla jua halijakausha manukato.

Chuma kwa kucha, ukikata chini ya kile kikombe cha kijani. Usivute. Weka kwenye kikapu kipana, tabaka nyembamba. Mfuko wa plastiki huyatia joto na kuyageuza kahawia kabla hujafika mlangoni.

Kutunga koja

Kwa koja la shingoni andaa matumba kati ya sitini na mia, kutegemea unavyoyabana. Ng'oa vikombe vya kijani. Chukua sindano ndefu nyembamba na uzi wa pamba uliolowa. Pitisha sindano kwenye kijibomba kilicho chini ya ua na uitoe kwenye ncha ya tumba, yote yakitazama upande mmoja, kila moja likiingia kidogo kwenye mkia wa lililotangulia. Usikaze mpaka matumba yabonyee, maana usiku yatahitaji nafasi ya kufunguka. Koja lililotungwa vizuri saa kumi huwa jembamba kama ushanga. Saa tatu usiku limekuwa nene mara tatu.

Njia ya pili haina sindano. Weka matumba mawili upande huu na mawili upande ule, mikia ikikutana katikati, zungusha uzi mara mbili, piga kitanzi, vuta, sogea. Hivi ndivyo wanavyotunga wauza maua wa Madurai, kusini mwa India, mji ambao asumini yake ilipata alama rasmi ya kijiografia mwaka 2013. Vidole vya mzoefu huwezi kuvifuata kwa macho.

Kutunga asumini kumeenea kuliko inavyodhaniwa. Ufilipino waliifanya sambac, wao huiita sampaguita, kuwa ua la taifa mwaka 1934. Indonesia nao huiita melati. Pakistan wana chambeli, ambayo ni officinale. Hawaii huiita sambac pikake, yaani tausi, kwa sababu binti mfalme Kaʻiulani alipenda vyote viwili, ua na ndege. Tunisia wana mtindo wao. Hufunga matumba kwenye vijiti vyembamba vya nyasi kwa uzi, vikawa kifungu kidogo kama mwavuli, na wanaume huchomeka nyuma ya sikio. Pwani ya Waswahili asumini huingia kwenye kikuba, pamoja na rehani, kadi, kilua, mlangilangi na waridi, kikabanwa nywelani au nguoni, na maua ya harusi hutandazwa kitandani. Ukitengeneza kikuba tia asumini mwisho, kwa sababu ndiyo inayochubuka upesi. Rehani na kadi huvumilia kubanwa.

Kulihifadhi koja hadi wakati wake, liviringe kwenye kitambaa chenye unyevu au jani la mgomba, uliweke mahali pa baridi ya wastani. Friji kali hulitia weusi.

Chai

Chai ya asumini ya Fuzhou, China, haichemshwi pamoja na maua. Majani makavu ya chai hunywa harufu kama sifongo, na kazi yote ni kuyalaza na maua usiku unaohusika. Mfumo huo wa Fuzhou uliingizwa mwaka 2014 na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani.

Nyumbani fanya hivi. Chukua chai ya kijani isiyo na viungo. Jioni, matumba yanapoanza kufunua midomo, panga tabaka ya chai, tabaka ya maua, tabaka ya chai ndani ya bakuli la kioo, maua yakiwa mengi kiasi cha kuifunika kila tabaka. Funika kwa kitambaa. Kabla ya kulala ingiza mkono katikati: ukihisi joto, geuza rundo lote lipoe kisha ulirudishe. Asubuhi na mapema toa maua yote moja moja, kwa sababu ua lililochoka hutia chai uchungu. Kisha kausha chai. Usiruke hatua hii. Usiku kucha imenywa unyevu wa maua, na ukiifungia kopo hivyo baada ya siku chache utafungua ukungu. Itandaze kwenye sinia, moto mdogo kabisa, uikoroge hadi jani likatike ukilivunja. Rudia kwa maua mapya usiku mwingine. Wenye fani hurudia mara tano, saba, hata zaidi kwa chai za daraja la juu. Mimi huishia mara tatu, na ya tatu ndipo unapoona tofauti.

Maji ya kunywa na ya kupikia

Hii ni rahisi mno na ndiyo ningemwonyesha mgeni kwanza. Chemsha maji, yapoe kabisa. Jioni weka juu yake, yaelee, maua kumi na tano hivi yasiyoguswa na dawa, funika. Asubuhi yaondoe. Maji hayana rangi, yana harufu. Thailand hutumia maji ya namna hii kupikia sharubati ya vitamtamu vyao.

Mafuta

Usijaribu kuchemsha asumini ili upate mafuta yake. Moto huiharibu harufu, ndiyo maana hata viwandani kukamua kwa mvuke hakutumiki sana kwa ua hili. Mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, ulijenga jina lake kwa njia nyingine: maua yalilazwa juu ya shahamu isiyo na harufu kwenye kioo, kila siku yakabadilishwa kwa mapya, hadi shahamu iliposhiba. Asumini ya Grasse imo katika Chanel No. 5 tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1921. India walikuwa na busara yao: walizilaza mbegu za ufuta na maua kwa tabaka, wakabadilisha maua mara nyingi, kisha ndipo wakakamua ufuta, mafuta yakatoka tayari yananukia.

Njia ya nyumbani inafuata ya Grasse. Tumia mafuta ya nazi yaliyoganda kidogo, au ufuta usiokaangwa. Maua yaliyofunguka yatandaze kwenye kitambaa saa moja umande ukauke, kwani maji ndiyo yanayoyaozesha mafuta. Yatie kwenye mafuta ndani ya sahani pana, funika. Baada ya saa ishirini na nne chuja, tia mapya. Endelea siku saba hadi kumi. Usizidishe muda wa maua yaleyale kwa kudhani unaongeza nguvu. Unaongeza harufu ya uozo.

Kwa mama anayenyonyesha, tahadhari moja. Kusini mwa India kuna desturi ya zamani ya kufunga maua ya sambac kifuani ili kukausha maziwa, na utafiti wa kitabibu uliochapishwa mwaka 1988 ulikuta kweli yanapunguza. Koja la shingoni kwa jioni moja si jambo kubwa, lakini maua yaliyobanwa kifuani siku kadhaa ni habari nyingine. Na ngozi yoyote, jaribu kwanza tone moja ndani ya kiwiko uache hadi kesho yake.

Mafuta yaliyokwisha kuchujwa yaweke kwenye chupa nyeusi iliyokauka kabisa, mbali na jua, uyatumie ndani ya miezi michache. Yakianza kunuka uchachu yamwage, hayatengenezeki.